Chukua rula uchore mstari: ndege zilizoishia kwenye milima yetu

Fungua ramani ya Afrika Mashariki, hata ile ya kwenye simu, alafu chora mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam mpaka Nairobi. Utapita karibu na Korogwe, utaingia Mkomazi, na ukishavuka hapo mstari unapita ubavuni mwa Kilimanjaro upande wa mashariki, kama kilometa 20 tu hivi kutoka kilele cha Mawenzi. Ndo maana ukipanda ndege ya asubuhi kutoka Dar kwenda Nairobi ukakaa dirisha la kushoto mlima unauona wote, na mara nyingi rubani anatangaza kabisa tazameni kushoto kwenu, watu wanaanza kunyanyuka na simu zao.

Mi kwetu ni Moshi, na kwa muda mrefu nimekuwa nakusanya habari za ndege zilizoishia milimani huku kwetu, na kitu kinachonirudisha kila mara ni hiyo mistari. Ajali nyingi nilizosoma, ukichora njia unakuta mlima umekaa katikati ya pale walipotoka na pale walipokuwa wanakwenda, au pembeni kidogo tu. Na nyingi kati yake sio injini iliyozima hewani wala bawa lililokatika, ni ndege inayoruka vizuri inaingia ndani ya wingu lenye mlima. Hilo ndo linaniuma na ndo nataka niliseme hapa, maana huku kwetu ukiuliza utaambiwa ndege iliharibika, au utaambiwa mlima uliivuta. Mlima hauvuti ndege jamani. Mlima unatengeneza mawingu, na mawingu yanamficha mlima, basi.

Tuanze na ya zamani. Tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya DC-3, zile wazee walikuwa wanaziita Dakota, mali ya East African Airways, iliondoka Dar kwenda Nairobi ikiwa na watu 20, abiria 16 na wafanyakazi wa ndege 4. Haikufika. Iligonga mteremko wa Mawenzi upande wa kusini mashariki, juu kabisa kwenye mawe, na hakuna hata mmoja aliyepona. Zilipita siku kadhaa ndo mabaki yakaonekana.

Sasa rudi kwenye ule mstari. Kutoka Dar mpaka usawa wa mlima ni kama kilometa 450, na mstari wenyewe unapita kilometa 20 tu pembeni ya Mawenzi. Piga hesabu, nyuzi 2 na nusu za dira zinatosha kukutoa kwenye njia salama ukaenda kwenye jiwe. Yaani upepo wa ubavuni ukikusukuma kidogo kidogo kwa muda wa saa moja na nusu na zaidi, chini huoni kitu kwa sababu mawingu yamefunga, ukiangalia dira yako kila kitu kiko sawa, saa yako iko sawa, injini zinanguruma vizuri, na bado uko sehemu siyo. Hiyo ndo nafasi ya kukosea waliyokuwa nayo marubani wa njia ile kila siku ya Mungu. Njiani hakukuwa na rada ya kuwaambia wamehama, walikuwa wanakwenda kwa hesabu ya kasi, muda na upepo, pamoja na mawimbi ya redio yanayokuonyesha mwelekeo wa kituo. Na Dakota sio kama ndege za leo zinazopita futi 30,000 huko mlima uko chini kabisa, ile haikuwa na hewa ya kujazwa ndani kwa ajili ya abiria, kwahiyo mlima wa mita 5,895 sio kitu cha kukipita juu, ni kitu cha kukizunguka.

Kingine nilichokuja kukiona ni tarehe. Mei. Mtu yeyote wa Kilimanjaro anajua Mei ikoje, masika, unaweza ukakaa Moshi siku nyingi usiuone mlima kabisa mpaka mgeni akuulize huo mlima mnaousema uko wapi. Anga yote ni kijivu tangu Himo mpaka Boma Ng'ombe.

Na Mawenzi yenyewe sio Kibo, kile kilele kikubwa cha Kilimanjaro. Kibo ni mviringo, ina miteremko ya watu kupanda, wapagazi wanapita kila siku na mizigo kichwani. Mawenzi ni magenge matupu, mawe yaliyochanika na kuoza, yanamomonyoka ukiyashika, kilele chake ni mita 5,149 na wanaokipanda ni wachache sana. Ndege ikianguka pale, kuifikia tu ni kazi ya wapanda milima, sio kazi ya kuita vijana wa kijiji mkapande na machela.

Njia nyingine ya kuchora. Weka rula Seronera, katikati ya Serengeti, uipeleke mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Huo mstari unapita karibu kabisa na kilele cha Mlima Meru, kama kilometa 4 tu hivi, nilirudia mara ya pili kwa sababu nilidhani nimeteleza mkono. Tarehe 1 Septemba 1999 ndege ndogo ya injini mbili, Cessna 404, ikiwa inatoka Serengeti na watalii kuja upande wa Kilimanjaro iligonga Meru, wakafa wote 12, na 10 kati yao walikuwa watalii wa Marekani. Mlima wenyewe una zaidi ya mita 4,560 na uko juu ya mji wa Arusha, yaani watu wako sokoni, daladala zinaita abiria, na juu yao ndani ya wingu mambo yale yanatokea.

Vuka mpaka sasa. Weka rula Nairobi kwenye uwanja wa Wilson, ipeleke Samburu kwenye mbuga. Inapita wapi? Juu ya Mlima Kenya, karibu na vilele vyenyewe. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ya kukodi iliyosajiliwa Afrika Kusini iliondoka Wilson kwenda Samburu na watu 14, marubani 2 wa Afrika Kusini na abiria 12 ambao wote walikuwa wa familia moja ya Marekani, vizazi vitatu, babu na bibi na watoto na wajukuu, wamekuja kutembea pamoja. Iligonga Point Lenana. Lenana ni kilele cha tatu cha Mlima Kenya, mita 4,985, ndo kile ambacho wapandaji wengi wa kawaida wanakifikia, Batian na Nelion ni za watu wa kamba. Ukoo mzima kwa mara moja. Nikifikiria hiyo ajali huwa siwazi sana juu ya ndege, nawaza wale waliobaki nyumbani wanaopigiwa simu, wanaambiwa sio fulani tu, ni wote.

Hapa nisimame kidogo nieleze hayo mawingu maana ndo kiini cha mambo, na wengi tunaoishi chini ya milima tunayajua kwa macho ila hatujawahi kuyafikiria kwa upande wa rubani. Hewa yenye unyevu inatoka bahari ya Hindi, inakuja na upepo mpaka inakutana na mlima, haina pa kwenda inapanda. Ikipanda inapoa, ikipoa ule unyevu unageuka matone, wingu limezaliwa palepale kwenye mteremko. Kwahiyo unaweza ukawa na anga safi kabisa kila upande, ukiwa kwenye ndege unaona tambarare yote chini, na wingu liko sehemu moja tu, na hiyo sehemu moja ndo mlima ulipo. Asubuhi saa moja Kibo iko wazi inang'aa, saa nne saa tano mawingu yameshaanza kupanda kutoka msituni, mchana hakuna mlima, jioni jua likizama unafunguka tena. Ndege nyingi ndogo za watalii zinaruka kwa macho, maana yake rubani anatakiwa aone ardhi na aone mbele, sheria ni kwamba wingu unalikwepa. Sasa wewe umechelewa, abiria wamechelewa kufunga mizigo, umeondoka mchana badala ya asubuhi, wingu lile la kwanza linaonekana dogo tu unasema nitalipita...

Alafu kuna suala la hewa yenyewe. Kwenye mita 5,000 uzito wa hewa ni kama asilimia 60 tu ya ule wa pwani. Injini ndogo isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, inakosa pumzi kama mtu anavyokosa pumzi akifika kambi ya Kibo Hut, bawa nalo linapata hewa kidogo ya kulibeba, kwahiyo ukivuta usukani ndege ipande haipandi vile ilivyozoea. Hata Nairobi tu iko zaidi ya mita 1,600, ndege inaanza safari ikiwa tayari imeshapunguziwa nguvu. Na upande wa pili wa mlima, kule upepo unakoshukia, hewa inaporomoka kwenda chini na kukusukuma nayo, unaweza ukaweka nguvu zote za injini na bado unashuka. Rubani aliyezoea tambarare akiingia kwenye bonde la mlima anakuta mbele panapanda haraka kuliko yeye anavyopanda, na bonde limekuwa jembamba hawezi tena kugeuza.

Cessna moja ndogo bado ina mabaki yake juu Kilimanjaro. Novemba 2008 ilianguka pale uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, ule ambao waongozaji wanauita Saddle, jangwa la mawe lenye upepo. Watalii 4 wa Italia walifariki, rubani alipona. Wanaopanda kwa njia ya Rongai kupitia Mawenzi Tarn wakielekea Kibo wanapita karibu na mabati yake. Wageni wanapiga picha. Mi sipendi sana hizo picha za kukaa juu ya bawa na kunyoosha vidole viwili, watu walikufa pale na ndugu zao wapo hai, ila najua wengine wanasimama kimya wanauliza maswali na waongozaji wanaeleza vizuri.

Sio zote zinakubali rula lakini. Ile ya Juni 2018 Kenya, ndege ya Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi na watu 10, mstari wake haupiti pale ilipoangukia, milima ya Aberdare iko mashariki zaidi. Lakini Aberdare ni ukuta mrefu, kutoka kaskazini kushuka kusini mpaka karibu ya Nairobi, vilele vyake viwili vikubwa ni Lesatima mita 4,001 na Kinangop mita 3,906, na ndege zinazotoka kaskazini magharibi zinapokaribia Nairobi zinaanza kushuka zikiwa maeneo yale yale. Ilipotea tarehe 5 jioni, watafutaji walipanda siku mbili kwenye mvua na ukungu na matope na mianzi, helikopta haziwezi kuona chini, mpaka tarehe 7 ndo ikapatikana maeneo ya Elephant Hill. Wote 10 walikuwa wamefariki. Siku zile mbili familia zilikaa Nairobi zinasubiri na taarifa zilikuwa zinagongana, mara tunasikia wameonekana mara hapana, na kwa kweli nadhani hiyo kusubiri ni adhabu peke yake.

Marsabit ndo inanishangaza kuliko zote kwa namna ya mlima wenyewe. Kaskazini mwa Kenya ni jangwa, jua kali, mawe meusi, ngamia, alafu katikati ya jangwa kuna mlima mmoja wenye msitu wa kijani, na huo msitu unaishi kwa ukungu. Ukungu ndo unaowapa miti maji. Mlima sio mrefu, mita 1,700 hivi, ukilinganisha na Kilimanjaro ni kilima. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi la anga la Kenya aina ya Y-12 ilikuwa inapeleka ujumbe wa amani kule, maana mwaka uliotangulia, 2005, kulikuwa na mauaji ya kijiji cha Turbi na jamii za kule zilikuwa bado zina damu moyoni. Ndani kulikuwa na watu 17, wakiwemo wabunge, Bonaya Godana aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, Mirugi Kariuki na wengine. Ikagonga kilima ikiwa inakaribia kutua, kwenye ukungu. 14 walikufa, 3 wakapona. Watu walioamua kukaa ndege moja kwenda kusuluhisha, tena wengine walikuwa mahasimu kisiasa, wakafa pamoja. Jangwa lote lile kilometa na kilometa anga ni wazi, na wingu liko pale tu palipo na uwanja.

Angalia tarehe tena. Aprili, Mei, Juni, Julai, Novemba, zote ni ama mvua ama ile baridi ya ukungu ya katikati ya mwaka kule nyanda za juu. Ya Meru tu ndo imekaa Septemba. Na ongeza Agosti 2012, helikopta 4 za jeshi la Uganda zilizoondoka Entebbe kuelekea Somalia kupitia Garissa. Ukitoka magharibi kwenda Garissa njia inapita karibu na Mlima Kenya. Helikopta 3 za kivita aina ya Mi-24 zikaanguka mlimani, jioni moja, ile ya nne aina ya Mi-17 ikafika Garissa salama. Wanajeshi 7 walikufa, wengine wakaokolewa kwenye baridi ile ya msituni na juu ya msitu. Tatu kwa mpigo, helikopta ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya vita.

Huohuo Mlima Kenya una ajali nyingine ya helikopta ambayo naiheshimu kwa namna ya pekee. Septemba 1970 daktari mmoja wa Austria, Gerd Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu vibaya, rafiki yake Oswald Oelz akabaki naye kule juu ya mita 5,000. Waokoaji wa Kenya wakapanda, siku zikapita. Rubani wa Kimarekani, Jim Hastings, akaja na helikopta kusaidia, ikaanguka mlimani, akafa. Judmaier alikuja kuteremshwa akiwa hai baada ya waokoaji kuletwa mpaka kutoka Austria. Wapandaji wanalijua jina la Judmaier. La Hastings silisikii likitajwa sana, na yeye ndo aliyekwenda kwa hiari yake kwenye ile hewa nyembamba kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Upande wa Kongo nako, 1 Septemba 2008, Beechcraft iliyobeba wafanyakazi wa misaada iligonga milima karibu na Bukavu ikiwa inakaribia uwanja wa Kavumu, 17 wakafa wote. Milima ya Kivu ni hadithi ndefu inahitaji mtu wa kule aiandike.

Kuna mtu mmoja inafaa atajwe kwenye habari hizi, mhandisi wa Kanada anaitwa Don Bateman, alifariki 2023. Huyu ndo aliyetengeneza kile kifaa kinachompigia kelele rubani kwamba ardhi inakuja, vuta juu. Matoleo ya kwanza ya miaka ya 1970 yalikuwa yanatumia redio inayopima kwenda chini moja kwa moja, yanasaidia sana, ila kwenye genge linalosimama wima kama Mawenzi yanakupa sekunde chache tu kwa sababu chini yako bado pako mbali, jiwe liko mbele. Miaka ya 1990 ndo ikaja ile inayobeba ramani ya dunia nzima ndani yake na kulinganisha na mahali ndege ilipo, inajua mlima uko mbele hata kama hauonekani. Ndege kubwa za abiria zimeokolewa mno na hiki kitu. Shida ni kwamba sheria za kimataifa zinakilazimisha zaidi kwa ndege kubwa, na sisi huku milimani ndege zetu ni ndogo, za viti vitano, tisa, kumi na mbili, zinatua kwenye viwanja vya vumbi, na ndo hizohizo zinazopita mabondeni. Mi naona ingetakiwa ianzie kwa hizo ndogo.

Nirudi Mawenzi nimalizie. Ile Dakota ya 1955 ilikuwa ya East African Airways, shirika lililoanza 1946 likiwa la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, likafa 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Nadhani ndo maana ajali yake haina mwenyewe. Shirika halipo, serikali za kikoloni zilizokuwa nalo wakati ule hazipo, Wakenya wanaona ilitokea Tanganyika na sisi tunaona ilikuwa inakwenda Nairobi. Mashariki ya Mawenzi ni Rombo. Mzee wa Rombo aliyekuwa na miaka kumi mwaka ule leo amepita themanini, na lazima kule Mkuu, Tarakea, Mashati na Mengwe kuna waliosikia ndege za kutafuta zinazunguka, au baba zao walizungumzia habari ile jikoni. Kama babu au bibi yako ni wa huko na bado ana kumbukumbu, kaa naye umuulize mwaka huu, muulize mawingu yalikuwaje, nani walipanda, na wale watu 20 waliletwa wapi. Mrekodi kwa simu. Mi nitakwenda Rombo kiangazi kikianza.